Shemeji asema takwimu haziruhusu binti yangu kusoma PCM

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Morogoro, na ninakuandikia kwa ajili ya binti yetu wa kwanza, ambaye amemaliza kidato cha nne na matokeo yake yametoka. Amepata B ya Hisabati, B ya Fizikia na C ya Kemia, na masomo mengine pia amefanya vizuri. Tangu akiwa kidato cha pili amekuwa akisema kwamba anataka kusoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na alipojaza machaguo yake shuleni aliiweka tahasusi hiyo nafasi ya kwanza. Mimi na baba yake tuliridhika.

Mambo yaliharibika mdogo wake mume wangu alipokuja kutupongeza. Yeye ndiye msomi wa ukoo, na neno lake lina uzito mkubwa nyumbani kwetu. Katika mazungumzo alitutahadharisha kwamba tusimwache mtoto apotelee kwenye PCM, kisha akatoa simu yake na kutuonyesha chati yenye nguzo mbili, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana, ambayo ilionyesha kuwa wastani wa wasichana katika Hisabati uko chini. Alisema kwamba takwimu hazina undugu na mtu, kwamba wasichana huogopa namba na hupenda masomo ya kujieleza, kwamba hata vyuoni wanaosomea uhandisi wengi wao ni wanaume, na kwamba B ya binti yetu ni bahati ambayo haitajirudia kidato cha sita. Anashauri tubadilishe machaguo na kumwekea HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza).

Nilimjibu kwa kumtaja binti wa jirani yetu wa zamani, ambaye leo ni mhandisi wa maji. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, mtu mmoja hafuti wastani." Nilikosa la kusema. Mume wangu naye amelegea, anasema hatuwezi kushindana na utafiti. Kinachoniumiza zaidi ni mtoto mwenyewe. Juzi nilimkuta ameliweka mapajani daftari lake la hesabu, limefunguka kwenye ukurasa wa michoro ya duara aliyokuwa akiichora kwa bikari na kuipaka rangi, akaniambia, "Mama, huenda baba mdogo amesema kweli, sisi wasichana hatuna kichwa cha hesabu." Huyu ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wenzake, wavulana kwa wasichana, kabla ya mtihani.

Sitaki kumvunjia heshima shemeji yangu, kwa sababu najua anampenda mtoto. Ninachotaka kujua ni kama kweli takwimu zinaweza kuamua mtoto fulani asome nini, na kama haziwezi, kwa nini serikali na wataalamu wanazitegemea.

Mama mwenye wasiwasi, Morogoro


JIBU

Dada yangu,

Kwanza pokea hongera zangu, na umfikishie binti yako, kwa sababu katika mabishano yote uliyoyaeleza naona matokeo yake yamesahaulika haraka mno. Jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana: chati ile haiwezi kuamua binti yako asome nini, hata kama kila namba iliyomo ni sahihi. Sina sababu ya kudhani kwamba shemeji yako amekuonyesha uongo. Kosa limo katika hatua aliyoipiga baada ya kuisoma, pale alipoyachukua maelezo ya kundi kubwa la watoto na kuyafanya kuwa maelezo ya mtoto mmoja ambaye matokeo yake yalikuwa mezani mbele yake.

Nianze kwa kumpa haki yake. Aliposema kuwa mtu mmoja hafuti wastani, alisema kweli, na ndiyo maana ulikosa jibu. Mhandisi mmoja wa kike hathibitishi lolote kuhusu wasichana wote, kama ambavyo mvulana mmoja aliyepata F hathibitishi lolote kuhusu wavulana wote. Nakushauri uiache hoja hiyo, kwa kuwa inakupeleka kwenye ubishi ambao huhitaji kuushinda. Lakini kanuni aliyoitumia inakata pande zote mbili: ikiwa mtu mmoja hafuti wastani, basi wastani nao haumfuti mtu mmoja. Wastani hupatikana kwa kujumlisha alama za watu wengi na kuzigawanya kwa idadi yao, na katika kugawanya huko kila mmoja wao hupotea. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na hakuna nyumba hata moja nchini, yako ikiwamo, inayolaza watu 4.3.

Jambo kubwa ambalo chati ya nguzo mbili haiwezi kulionyesha ni mtawanyiko, yaani jinsi alama za watoto wa kundi lilelile zinavyopishana wao kwa wao. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana ndipo ilipo hoja yote. Upo upimaji wa kimataifa uitwao PISA, unaosimamiwa na OECD, shirika la nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi, ambao huwapima wanafunzi wenye umri wa miaka 15. Tanzania haikushiriki katika upimaji wa mwaka 2022, na siutumii kusema lolote kuhusu watoto wetu, bali kuonyesha jinsi wastani unavyofanya kazi. Mwaka huo, katika nchi za OECD, wastani wa Hisabati ulikuwa alama 472, na wavulana waliwazidi wasichana kwa alama 9. Ukizichora alama hizo 9 kwenye chati ambayo mstari wake wa chini hauanzii sifuri, utaona nguzo moja ndefu na nyingine fupi, na utaondoka ukiamini kwamba umeona watu wa aina mbili. Sasa tazama mtawanyiko. Takriban theluthi mbili ya wanafunzi walikuwa kati ya alama 380 na 560, yaani eneo lenye upana wa alama 180, na wavulana na wasichana wamechanganyika humo kutoka mwanzo hadi mwisho. Tofauti ya mvulana na mvulana mwenzake, au ya msichana na msichana mwenzake, ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti ya wastani wa makundi yao.

Kwa lugha nyepesi, ungewachukua wavulana 100 na wasichana 100 kwa bahati nasibu kutoka katika upimaji ule, ukawapanga jozi jozi, ungekuta kwamba katika jozi kama 53 mvulana yuko mbele, na katika jozi kama 47 msichana ndiye aliye mbele. Hicho ndicho kiasi cha habari kinachobebwa na sentensi "wavulana wanawazidi wasichana Hisabati" pale pengo linapokuwa la ukubwa huo. Anayeisikia bila namba hudhani kwamba wavulana wote, au karibu wote, wako juu ya wasichana wote. Zaidi ya hapo, katika nchi kadhaa wasichana ndio waliotangulia, na wasichana wa Singapore walikuwa na wastani wa juu kuliko wavulana wa nchi yoyote ya OECD. Mahali mtoto anaposomea na namna anavyofundishwa kumeacha pengo kubwa kuliko jinsia yake.

Turudi nyumbani. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Maana yake ni kwamba mvulana wa kawaida wa Tanzania naye alifeli somo hilo. Kama wastani wa kundi ungekuwa sababu ya kutosha ya kumwondoa mtoto kwenye PCM, shemeji yako angelazimika kuwaondoa na wavulana pia, hata wenye A, kwa hoja kwamba wavulana wengi hupata F. Bila shaka hawezi kufanya hivyo. Mvulana mwenye B atamtazama kwa B yake, na wavulana waliofeli hawatamjia akilini hata kidogo. Binti yako mwenye B ileile ndiye anayetwishwa alama za wenzake. Mpelekee hoja hii bila ukali, umuulize tu angemshauri nini mpwa wake wa kiume mwenye matokeo hayohayo.

Kuna kisa cha kweli ambacho huwa nakirejea kila ninapoulizwa habari za "mtu wa kawaida". Mwishoni mwa miaka ya 1940 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa likisumbuliwa na ajali nyingi, na mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa ni chumba cha rubani, ambacho kilikuwa kimejengwa kwa vipimo vya wastani vya marubani wa miaka ya 1920. Wengi walidhani kwamba marubani wamekuwa na miili mikubwa zaidi, hivyo kinachotakiwa ni wastani mpya. Mwaka 1950, katika kituo cha jeshi hilo jimboni Ohio, marubani 4,063 walipimwa vipimo 140, tangu urefu wa mwili hadi umbali wa jicho na sikio. Luteni kijana aitwaye Gilbert Daniels alichagua vipimo 10 alivyoona vinahusika zaidi na kiti na usukani, kama vile urefu, mzunguko wa kifua na urefu wa mkono, akakokotoa wastani wa kila kimoja, na akaamua kuwa mkarimu: angemhesabu kuwa wa wastani rubani yeyote aliyeangukia katika asilimia 30 ya katikati kwa kipimo husika. Kisha akawapitia mmoja mmoja kuona ni wangapi waliokuwa wa wastani kwa vipimo vyote 10.

Hakukuwa na hata mmoja. Kati ya watu 4,063 ambao tayari walikuwa wamechaguliwa kwa sababu miili yao inafanana, mmoja alikuwa na mikono mirefu na miguu mifupi, mwingine kifua kipana na nyonga nyembamba, na hata alipopunguza vipimo vikawa 3 tu, waliobaki katikati kwa vyote vitatu hawakufika asilimia 3.5. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya rubani wa wastani kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Jeshi lilibadilisha mwelekeo, likawataka watengenezaji wa ndege waweke viti, mikanda na kanyagio zinazorekebishika ili chumba kimfuate rubani. Na hapo ni urefu wa mkono na upana wa kifua vilivyokuwa vikipimwa, vitu vinavyokaa kimya mbele ya utepe. Kichwa cha mtoto kina mambo mengi zaidi: kasi ya kukokotoa, uvumilivu mbele ya swali gumu, uwezo wa kuona umbo akilini, kumbukumbu, hamu. "Msichana wa kawaida" ambaye shemeji yako anamwona anapomtazama binti yako hayupo mahali popote.

Hoja yake yenye nguvu zaidi ni ile ya bahati, na nisingependa muipuuze. Ni kweli kwamba alama ya siku moja huwa na bahati ndani yake, na kwamba mtu aliyefanya vizuri sana mara moja mara nyingi hushuka kidogo anapopimwa tena. Lakini jambo hilo huwapata wavulana na wasichana sawasawa, na dawa yake ni kutafuta vipimo vingine vya mtoto yuleyule. Chukueni matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili, mtihani wa utimilifu wa mkoa na mitihani ya mihula ya kidato cha tatu na cha nne, myaweke pamoja. Ikiwa Hisabati yake imekuwa ikitembea kwenye B na C za juu kwa miaka yote hiyo, basi B ya mwisho ndiyo yeye. Ikiwa imeruka kutoka D, hapo kuna jambo la kumuuliza mwalimu wake. Fundi cherehani ambaye mteja amesimama mbele yake humpima mteja huyo, wala haulizi wanawake wa Morogoro wana wastani gani wa kiuno. Wastani wa kundi una kazi pale tu usipojua chochote kingine kuhusu mtu, na hata hapo ni kisio dhaifu. Ninyi mna karatasi za miaka minne.

Kuhusu uhandisi, shemeji yako anaihesabu idadi ya wanaume vyuoni kama ushahidi wa vichwa vya watu, wakati sehemu ya idadi hiyo imetokana na vikao kama hicho kilichofanyika sebuleni kwenu. Msichana anayeondolewa PCM akiwa na B hawezi kuonekana kwenye orodha ya wahandisi baadaye, na kutokuwapo kwake kutatumiwa kumwondoa msichana mwingine. Namba inayohesabu matendo ya watu hubeba ndani yake maamuzi waliyofanyiwa watu hao, na haisemi wangefanya nini kama wangeachwa. Ushahidi kwamba mambo haya hubadilika upo. Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani Janet Hyde na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba katika umri wa sekondari wavulana walikuwa mbele katika kutatua maswali magumu ya Hisabati. Mwaka 2008 yeye na wenzake wengine walichambua alama za wanafunzi zaidi ya milioni 7 kutoka majimbo 10 ya Marekani, na safari hii tofauti ya wastani ilikuwa karibu na sifuri. Maumbile ya wasichana hayabadiliki ndani ya miaka 18, ila idadi ya masomo ya Hisabati wanayoruhusiwa na kuhimizwa kusoma inabadilika.

Umeuliza kwa nini basi serikali inategemea takwimu. Inazitegemea kwa sababu inashughulika na watu wengi kwa pamoja. Wizara ikiona kwamba ufaulu wa wasichana katika Hisabati uko chini katika wilaya fulani, inayo sababu nzuri ya kupeleka walimu, kujenga mabweni au kuuliza kama wasichana hao hupata muda wa kujisomea baada ya kuchota maji. Kampuni ya bima hupanga ada zake kwa wastani kwa kuwa ina wateja maelfu, na makosa ya hapa hufidiwa na makosa ya pale. Mzazi hana pa kufidia. Akikosea kwa mtoto mmoja, kosa lote linamwangukia mtoto huyo. Chati ileile ambayo mikononi mwa afisa elimu ingekuwa sababu ya kuwasaidia wasichana, sebuleni kwenu imegeuzwa kuwa sababu ya kumfungia mlango mmoja wao.

Sasa nizungumze juu ya mtoto, ambaye ndiye ninayemhofia kuliko wote katika barua yako. Sentensi "sisi wasichana hatuna kichwa cha hesabu" imetoka kinywani mwa mtu aliyepata alama kati ya 65 na 74 katika mtihani ambao wengi hawakufikisha 30. Usimjibu kwa kumsifu tu, maana atadhani unamfariji kwa sababu wewe ni mama yake. Kaa naye, mwekee matokeo yake mbele, umuulize ni sehemu gani ya karatasi hizo inayosema kwamba hawezi. Mwonyeshe hesabu ya jozi 53 na 47 niliyoieleza hapo juu, kwa kuwa ni mtoto wa namba na ataielewa haraka kuliko sisi. Ninatamani hata yeye mwenyewe amweleze baba yake mdogo hesabu hiyo, kwa adabu, mkiwa wote mmekaa.

Na kwa shemeji yako, mwendee kama mtu anayehitaji msaada wake, kwa sababu kweli mnauhitaji. Mwombe akutafutie namba zilizo nyuma ya chati yake: ni watahiniwa wangapi, alama zilitawanyika vipi, na wavulana wangapi nao walifeli. Kisha mwombe elimu yake aielekeze kwenye maswali yanayomhusu binti yenu kweli, ambayo naona hayajaulizwa na yeyote. Kemia yake ni C, na PCM ina Kemia: je, ni C ya 46 au ya 63, na udhaifu uko kwenye nadharia au kwenye vitendo? Mwalimu wake wa Kemia anajua, nendeni mkamwone wiki hii, na mzazi mwenzako awepo. Shule anayoweza kupangiwa ina maabara inayofanya kazi na walimu wa Fizikia wa kutosha? Je, ameifikiria EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), ambayo ina Hisabati lakini haina Kemia, au bado moyo wake uko kwenye uhandisi? Majibu ya maswali haya yanaweza kuwafanya mbaki na PCM, na yanaweza pia kuwafanya mbadilishe, nami sitakuwa na neno ikiwa sababu ya kubadilisha itatoka kwake yeye na masomo yake.

Baada ya matokeo, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo wa mtandaoni ambamo mhitimu hurekebisha machaguo yake mwenyewe kabla ya kupangiwa shule, na tarehe ya mwisho hutangazwa. Hakikisheni kwamba hakuna mtu anayeingia humo kubadilisha chochote kabla hamjazungumza na walimu, na kwamba siku ya kuthibitisha, binti yenu ndiye anayeshika simu.

Mshauri wako